Kisiwa cha Mwalimu Bahati

Nakumbuka Jumamosi moja ya salongo, ile kazi ya wote pamoja, mwanangu. Usicheke kwanza. Najua nina miaka kumi na saba, na ndevu zangu unaweza kuzihesabu bila kuvua viatu. Lakini mimi niko mwaka wa sita, na wewe umeingia juzi mwaka wa kwanza, kaptula yako ingali inanuka duka. Mu shule yetu hiyo njo umri wa baba na mutoto. Wazee wa hapa Nyabiondo wako na shauri kwa kila kitu, hata kwa namna ya kupiga chafya. Hili moja hawalitoi, juu wao pia walikuwa ndani ya kosa. Basi kaa, nikupe mimi.

Mwaka ule tulipata mwalimu mupya wa hesabu. Jina lake Mwalimu Bahati, kijana wa Itebero, kule Walikale ndani ya pori. Alifika kwa mguu, siku nyingi za mguu, na sanduku ku kichwa. Alifundisha vizuri. Ukikosa jibu hakukuita mbuzi kama wengine. Alikuuliza tu, pole pole: "Umepitia njia gani mpaka ukafika pale?" Unamueleza, na ukifika katikati ya maelezo unaona mwenyewe mahali ulipotea.

Lakini alikuwa mugeni. Kwetu mugeni tunamuita mukuyakuya, mutu mwenye alikuja juzi, hata kama hiyo juzi iko na miaka kumi. Mimi nikaongeza jina langu: Mwalimu Pori. Kila akigeukia tablo kuandika, nilipiga mulio wa ndege. Siku ya kwanza alicheka. Alisema ndege huyo hayuko Itebero, labda ni kuku anaumwa. Darasa zima lilianguka. Nilimupenda pale pale, na kesho yake nikaendelea, maana mutu wa kuchekesha ni kama mbuzi aliyeonja chumvi.

Siku moja nilitumwa kuchukua chaki mu chumba cha waalimu. Walikuwa wanakunywa chai. Termo ilizunguka meza, mukono kwa mukono, na ilipofika kwake ikaruka, kama vile kiti kile hakina mutu. Aliposema neno, waligeuza lugha, wakaanza ile yenye yeye hasikii. Hakuna aliyemutukana, hakuna aliyemugusa. Nikafikiri hiyo njo adabu ya wakubwa. Nikarudi na chaki yangu.

Wanasema maneno hayavunji mufupa. Aliyetunga hiyo hakuwahi kuwa mukuyakuya. Tulipofika trimestre ya pili ya masomo, Mwalimu Bahati alikuwa anaandika nusu ya hesabu, halafu anasimama tu na chaki mu mukono, anaangalia ukuta. Mukanda wake ulikuwa na tundu jipya alilolitoboa kwa musumari, vile alikonda. Mwenye nyumba yake alisema hapati usingizi. Prefe, mukubwa wa shule, alimuita kwa sababu ya kuchelewa, hakumuuliza sababu ya kuchelewa. Watu wakasema amerogwa. Wengine wakasema batu ya pori njo vile walivyo. Na mimi nilipiga ndege wangu.

Sasa ile Jumamosi. Shamba ya shule iko ku mulima, unaijua, pale mbuzi wenyewe wanapanda kwa kuomba Mungu. Wazazi, waalimu na wanafunzi walikuja kulima kabla ya kupanda maharagi. Unajua tunavyolima: mustari mumoja toka chini kupanda juu, kila mutu na kipande chake. Akibaki mutu nyuma, jirani zake wako na njia mbili. Wanaweza kumumegea, yaani kila mumoja anamukatia kidogo ya kipande chake mpaka awafikie. Ao wanaweza kumuachia kisiwa. Wa kushoto anapita, wa kulia anapita, wanakutana mbele yake na kufunga, na yeye anabaki katikati ya majani, udongo mupya pande zote. Ni muchezo wa zamani. Bibi arusi wanafanyiwa, wavivu pia. Watu wanacheka kidogo, halafu wanamutoa.

Mimi nilikuwa kushoto kwa Mwalimu Bahati. Kulia kwake alikuwa mwalimu wa Kifaransa. Nikamukonyeza. Mwanangu, sijawahi kulima vile maisha yangu yote, hata kwa mama yangu. Tulipita, tukafunga, nikapiga ndege. Mulima wote ukacheka.

Hakuna aliyemutoa.

Na yeye hakuomba kutolewa. Aliendelea kulima, lakini jembe lilikuwa linashuka palepale, mara hamsini palepale. Alikuwa anachimba shimo.

Rafiki yangu Mugisho akapiga kelele: "Pori iko natafuta maji?"

"Hapana," nikajibu, "iko natafuta njia ya Itebero, ya chini kwa chini."

Ilikuwa mucheko wangu mukubwa wa mwaka. Ninaukumbuka sana, juu ulikatika katikati. Mwalimu Bahati aliweka jembe chini, akakaa ndani ya majani. Akasema kwa sauti ya mutu anayesoma majina ya darasa: "Muko na haki. Mimi siko hapa. Kesho naingia mu pori naenda. Nisipofika, hakuna mwenye ataulizia."

Muzaha muzaha hutumbuka usaha. Nilikuwa nimeandika hiyo methali mu mutihani, nikapata pointi zote.

Nikasikia sikio langu limekamatwa, si kwa nguvu, kama mutu anayechagua nyanya ku soko. Alikuwa Tate, bibi yangu, mama wa baba.

"Hii kisiwa, nani aliikata?"

"Sisi wote, Tate."

"Sikuuliza wote. Nani alitangulia?"

"Mimi."

"Basi utatangulia kuitoa. Na ule mudomo yako ya ndege, uifunge."

Nilikuwa nashika jembe aliponirudisha tena kwa sikio lile lile. Alisema wote wasikie, mwalimu wa Kifaransa pia.

"Niliolewa hapa toka Kalembe. Bamama ya hapa baliniacha ku kisiwa misimu mbili. Mu shamba, ku maji, mpaka ku misa. Nilianza kuongea na kuku. Kuku njo ilikuwa inaniitika. Balisema niko na wazimu, na kweli wazimu ilikuwa imekaribia. Lakini haikutoka mu kichwa yangu. Mutu anaugua juu bamemutoa ndani ya batu. Siku shangazi ya babu yako alinimegea kipande, nikalala usingizi ya kwanza. Sasa lima."

Nililima kumuelekea. Hakuna aliyecheka, na mimi nilisikia kila pigo la jembe langu. Kipande kile kilikuwa hatua kumi, lakini kilinichosha kuliko asubuhi nzima. Nilipofika, Mwalimu Bahati aliniangalia.

"Mbona umekuja wewe?"

"Tate amenituma."

"Na asingekutuma?"

Mimi ni mutu wa majibu, unanijua. Pale nikasema tu kweli: "Ningeendelea kucheka, Mwalimu."

Halafu akauliza, pole pole, kama siku za kwanza: "Umepitia njia gani mpaka ukafika pale?"

Nikaketi ndani ya majani, nikamueleza. Kuhusu jina, kuhusu ndege, kuhusu termo niliyoiona ikiruka nikanyamaza. Nilipofika ku termo, niliona mahali nilipotea.

Tate alileta sahani yake, sombe na maharagi, akakaa naye, wakala sahani moja. Mwalimu wa Kifaransa alisimama na jembe lake muda murefu, halafu akaanza kukata majani upande wake.

Kesho yake Mwalimu Bahati hakuingia mu pori. Jumatatu Tate alimusindikiza ku sentre ya afya, kwa mama mumoja muuguzi mwenye kazi yake ni kukaa na kusikiliza. Alirudia kwa huyo mama mara nyingi. Aliomba ruhusa, akaenda kuona watu wake Itebero, na baba yangu alimupakia ku moto, pikipiki yake, mpaka pale barabara inaisha, ili asianze safari peke yake. Kisha akarudi. Mimi niliapa atarudi, lakini nilikuwa naogopa kila asubuhi.

Sitakudanganya kwamba amepona yote. Ziko siku bado anasimama na chaki, anaangalia ukuta. Siku hizo tunangoja, mutu hatikisi hata daftari, na baadaye anaendelea pale alipoachia. Termo sasa inafika kwake. Siku zingine inafika ikiwa na tone tu, lakini inafika.

Mwanangu, shauri langu njo hili. Mutu akibaki nyuma, umumegee, usingoje Tate akukamate sikio. Ukiona termo inaruka mutu, sema, hata kama wanaoiruka ni wakubwa. Rafiki yako akianza kunyamaza na kukonda, usimutafutie mulozi. Angalia kwanza nani alilima kushoto kwake. Nenda naye kwa mutu anayejua kusikiliza. Na neno mukuyakuya ulitupe: sisi wenyewe tulishakimbia vita, magodoro ku kichwa, tukalala mu shule ya kijiji cha wengine, na kuna watu walituangalia vile tulivyomuangalia yeye. Uchekeshe, ndiyo. Lakini yule unayemucheka akiacha kucheka, wewe pia uache.

Mungu akuongezee akili, na ndevu zaidi ya zangu. Akulinde usikate kisiwa. Na siku watu watakukatia wewe, juu siku hiyo iko, akutumie mwenye jembe kali aanze kulima kukuelekea, na asichoke katikati.