Mgomba wa Nyuma ya Jiko

Mnisamehe kwa mwandiko mbaya na maneno nitakayokosea. Niliishia darasa la saba na huandika polepole.

Kijiji chetu kilikuwa kando ya mto, kabla ya bwawa la umeme kujengwa na sisi kuhamishiwa Gungu. Kabla hatujahama, maofisa walikuja kuorodhesha makaburi ili yahamishwe. Mama na bibi walikuwa wametangulia Gungu kupokea kiwanja, kwa hiyo baba mdogo ndiye aliyewaonyesha makaburi mawili, la baba na la babu.

"Binti, hakuna jingine?" ofisa mmoja aliniuliza.

"Huyo?" baba mdogo akacheka. "Huyo hata shikamoo anaiamkia ardhi."

Jingine lilikuwepo. Mdogo wangu alifariki kabla ya kupewa jina, na kwetu mtoto wa namna hiyo alizikwa na wanawake peke yao. Mama na bibi walimzika chini ya mgomba, nyuma ya jiko, mimi nikabeba maji ya kunawa. Baba mdogo hakujua. Nikatazama vidole vyangu vya miguu, nikasema hakuna.

Siku ya kuzika upya huku Gungu, mama aliona masanduku mawili.

"Na wangu yuko wapi?" akauliza.

Nikatazama tena vidole vyangu vya miguu. Maji yalikuwa yameshafunika mgomba. Mpaka leo anawalaumu maofisa.

Kama nawe ulihamishwa ukaacha mtu wako majini, tafadhali niandikie. Nataka kujua ulianzaje kumwambia mama yako.