Mashini Mbili ya Biro ya Mama Berthe

«Ile mashini itatuua! Siku moja itapasuka, nyumba yote ya kartiye ya Panda itaruka, miguu yetu bataiokotea mbali kule ku Kamatanda! Makelele gani ile? Hata treni haipige vile. Aimée, ambia bwana yako aifunge!»

Mama Berthe alikuwa nyuma ya rido, pazia yenye kugawa biro. Bwana mwenye anasemwa, Zéphirin, alikuwa mbele ya rido, ku meza ya biro. Kama angenyoosha mukono angemugusa. Lakini ile famille ni bantu ya Kasai, na hata bankambo yabo balikuja zamani kwa kazi ya mugodi, hata bote balizaliwa Likasi, desturi balikuja nayo mu mizigo: mwanaume na mama ya bibi yake habaangaliane, habasemeshane. Njo maana Aimée alikuwa anasimama pa mulango, rido mu mukono, sawa telefone yenye miguu.

«Baba Carmel,» Aimée alisema, akimuita kwa jina ya mutoto yabo, «mama anasema mashini iko na makelele kidogo.»

«Nilisikia.»

«Haukusikia kitu. Ni miye nakuambia.»

Mama Berthe ni mujane, iko na malori yenye kubeba chokaa ya machimbo ya Kakontwe. Zéphirin njo karani yake. Kila lori, kila safari, anaandika mu mashini, ile kompyuta ya biro. Ile ya zamani ni mukubwa, nyeusi, nzito sawa jiwe. Batri yake ilikufa: ukiitosha ku courant ya umeme inazimika mbele umalize sala ya Baba Yetu. Na kwa Zéphirin njo uzuri yake yote. Haiwezi kutoka mu biro. Jioni anaifunga, anaenda ku korali ya paroisse, kwaya ya kanisa, anaimba basse, sauti ya chini, mpaka madirisha inatetemeka. Kule hakuna rido.

Matata alijiletea yeye mwenyewe. Alichelewa kutoa rapport ya malori juu ya mazoezi ya korali, akatafuta kisingizio: «Aimée, ambia mama mashini inasumbua.» Aimée, juu anamupenda, akaongeza chumvi: «Mama, mashini iko nakufa!» Mama Berthe alisimama pale pale. Alipanda gari, alienda Lubumbashi, alirudi na ingine: nyembamba sawa ostia ya misa, inang'aa, unaibeba na vidole mbili.

Sasa zote mbili zilikuwa ku meza, na yeye katikati.

«Mama anasema hii mupya inakaa siku muzima bila courant,» Aimée alisema. «Utakuwa unarudi nayo ku nyumba. Hata usiku, hata siku ya Mungu, lori ikifika, unaandika tu.»

Zéphirin aliona mazoezi ya korali inakwisha.

«Ambia mama aksanti mingi. Lakini hii haina pumzi. Nilifungua tablo ya malori yote, ikapata moto sawa pasi, kisha ikaanza kutambaa. Ile ya zamani inapiga makelele juu inapumua, ndani iko na nafasi. Na hii iko na tundu moja tu! Nikiingiza chaja, imprimante ya kuchapisha karatasi itaingia wapi? Mu sikio yangu?»

Aimée aligeukia rido. «Mama, anasema aksanti.»

«Na ile maneno ingine yote?»

«Ni aksanti murefu.»

«Ambia bwana yako kusema bakiriya benye kuja kununua bakiona ile sanduku nyeusi, banazania tunauzisha makala ya kupikia! Hii mupya, hata directeur akiiona anafunga vizuri kifungo ya koti.»

Na alikuwa na haki. Zéphirin aliona mara mingi bakiriya banaangalia ile nyeusi na kupangusa vidole, hata habakuigusa. Kama mashini ingekuwa ya muntu mwingine, mwenye kutembea-tembea, angeisifu mpaka kesho.

Aimée aliinama ku sikio yake. «Sema kweli. Ni juu ya korali.»

«Nikisema, ataona nakataa zawadi yake. Nitaenda kupiga magoti mbele ya famille, na mbuzi ya kuomba samahani.»

«Na ukinyamaza ataona umekubali.»

«Njo vile.»

Zéphirin alisogeza mashini zote mbili pamoja. «Ambia mama zote zikae hapa. Nyembamba ya kuonyesha bakiriya, nzito ya kazi.»

Rido haikungoja Aimée. «Nilinunua kitu yenye kutembea, sasa ikae sawa kabati?»

Pale pale courant ikaenda. Ile nyeusi ilipiga kikohozi moja, ikazimika, na kazi yote ya asubuhi ndani yake. Ile nyembamba haikutikisika. Iliendelea kung'aa, kimya.

Kisha sauti ilitoka nyuma ya rido, pole, bila kupita kwa Aimée.

«Zéphirin.»

Tangu ndoa, hakusikia jina yake mu ile kinywa. Aligeuza uso ku ukuta haraka. Aimée aliacha rido, mikono ku kichwa.

«Zéphirin, nakuuliza weye. Unakataa mashini, ao unakataa kazi yangu?»

Kujibu, alikuwa anamuvunjia heshima. Kunyamaza, alikuwa amekubali mashini, na kwaheri korali. Alisimama, akasukuma kiti, akapita kando-kando ya ukuta mpaka ku mulango ya barabara.

«Baba Carmel!» Aimée aliita. «Baba Carmel, nimujibu nini?»

Alikuwa tayari inje, mikono mu mifuko, anaenda, mashini zote mbili zikibaki ku meza.