Valeria na Biskuti Zilizoyeyuka

Ukipita kwetu Katandala asubuhi, nyuma ya mashine ya kusaga, utaona ua mmoja unaotoa moshi wa sehemu mbili. Moshi wa kwanza ni wa banda la Dominika, anayepika pombe ya ulezi. Wa pili unatoka kwenye pipa. Hilo pipa ndilo la Valeria, na huyo Valeria ndiye ninayetaka mumfahamu, kwa hiyo sogeeni karibu, baridi hii si ya kukaa mbalimbali.

Valeria ni mke wa Loth, fundi bati. Dominika ni dada yake Loth, mkubwa kwa kuzaliwa na kwa sauti. Nyumba mbili, ua mmoja. Pipa lilikuwa la kuwekea maji mpaka lilipotoboka. Loth akalilaza, akalikatia mlango, akaweka wavu wa chuma ndani. Makaa yanakaa chini, mengine juu kwenye sinia la bati, na katikati ndipo biskuti zinapoiva.

Kuoka alijifunza kwa masista, alipokuwa msichana wa jikoni. Kule walitumia unga wa ngano. Alipoolewa, ngano ikawa kitu cha sikukuu, naye akasema, ulezi umejaa nyumbani, kwa nini nao usiwe biskuti? Zile za kwanza Loth anasimulia mpaka leo kwamba aliweka moja chini ya mguu wa meza inayoyumba, na meza haijayumba tena. Lakini Valeria si mtu wa kukata tamaa. Akatia boga lililopondwa, zikalainika. Akatia karanga, zikapendeza. Mwaka mmoja akatia dagaa waliokuja na basi kutoka Kasanga. Hizo walikula wawili tu, Loth na paka, na paka hakumaliza.

Mungu hakuwajalia mtoto. Silisemi hili ili mumwonee huruma, maana mwenyewe halisemi hivyo. Nalisema kwa sababu miaka ya nyuma, katika ugomvi wa kamba ya kuanikia nguo, Dominika alimtamkia neno. Alisema, "Oka tu, wifi. Biskuti hazimwiti mtu mama." Ugomvi uliisha, kamba ikagawanywa, wakaendelea kuombana chumvi. Neno lilibaki palepale liliposemwa.

Sasa, mwaka huu watoto wa jumuiya yetu walikuwa wanajiandaa kwa Komunyo ya Kwanza. Mafundisho yalikuwa Jumamosi asubuhi, na mnaijua Sumbawanga ya mwezi wa sita, upepo unavyopenya hata kwenye sweta mbili. Watoto wakaanza kupungua. Katekista Felisian akalalamika baada ya sala kwamba akiendelea hivi atakuwa anawafundisha mabenchi.

Valeria akasimama. "Mwalimu, waambie hivi. Kila atakayefika mpaka mwisho, nitamwokea biskuti yenye umbo analolitaka mwenyewe."

"Mama Valeria, hawa watoto unawajua? Watakuomba ndege."

"Ndege ni rahisi, mwalimu. Mabawa mawili na mkia."

Ahadi ilipotoka, mabenchi yakajaa. Kila Jumamosi watoto wakimaliza mafundisho walipitia kwa Valeria kusema wanachotaka. Alphonce alitaka Fuso yenye mzigo wa mahindi. Jovina, ambaye baba yake anapakia mizigo kwenye maboti kule Kasanga, alitaka samaki, mgebuka, na akasisitiza kwamba mkia uwe umegawanyika, asije akaletewa sato. Hellena alitaka kiatu chenye kisigino kama cha mwalimu wake. Kasimiri aliwaza sana, kisha akasema anataka kitanda.

"Kitanda cha nini, baba?" Valeria akamuuliza.

"Cha kulala mimi peke yangu. Nyumbani tunalala wanne, na mimi ndiye wa ukutani."

Valeria akaenda kwa mumewe na kopo tupu la mafuta ya kula. "Nikatie kalibu ya kitanda, ya kukatia biskuti."

Loth akamtazama. "Mimi ni fundi wa majiko, mke wangu. Jana umenitengenezesha mbuzi. Leo kitanda. Wateja wakija nitawaambia nini?"

"Waambie una kazi ya kanisa."

Akakata. Akakunja mabati membamba mpaka vidole vikapata mikwaruzo, na kila kalibu aliining'iniza ukutani kwenye msumari wake. Nilipokwenda kuchukua jiko langu nilikuta ukuta mzima unameremeta samaki, viatu, ndege na funguo, na jiko langu halijaguswa.

Wiki ya Komunyo ikafika. Stoo ya Valeria ilikuwa na viroba viwili. Kimoja chake, ulezi mkavu wa mavuno mapya. Cha pili cha Dominika, kimea, maana paa lake lilikuwa linavuja na kimea hakitaki unyevu. Kwa asiyekaa na wapika pombe: kimea ni ulezi uleule, ila umelowekwa, ukafunikwa hadi ukachipua, kisha ukaanikwa juani. Wakishausugua vimizizi vikatoka, kwa macho ya haraka ni ulezi tu. Kinachoutofautisha ni harufu, tamu hivi, nzito. Dominika alikuwa amekiandaa, cha kutiwa usiku wa mwisho kwenye pombe ya wazee ya siku ya sherehe.

Ijumaa Valeria akamwambia Loth apeleke ulezi mashineni. Loth alikuwa na mafua makali, hata kitunguu kibichi asingekisikia harufu. Akabeba kiroba kilichokuwa karibu na mlango. Shigela, kijana wa mashine, alipokimimina tu akacheka.

"Vipi, shemeji siku hizi anapika pombe?"

"Anaoka biskuti," Loth akasema, huku anapenga kamasi.

"Hizo biskuti watu watapepesuka."

Loth akadhani ni utani wa kila siku. Mke wake akiwa mwoka biskuti za dagaa, mwanamume huzoea kutaniwa.

Jumamosi mchana Valeria akaanza. Unga aliuona umekoza rangi kidogo, akasema ni ulezi wa mwaka huu. Aliusikia utamu wake, lakini ua ule umenukia kimea tangu siku alipoolewa, pua yake ilishaacha kukihesabu. Akasugua siagi, akatia sukari, tangawizi na boga, akasukuma, akakata. Sinia la kwanza lilikuwa zuri la kupigwa picha. Fuso na matairi yake. Mgebuka na mkia uliogawanyika. Akaingiza kwenye pipa, akapanga makaa, akakaa.

Alipofungua, hapakuwa na Fuso. Vitu vyote vilikuwa vimetandaa, vyeusi kwa kahawia, vimeingiliana kama uji uliomwagika. Mgebuka alikuwa chapati. Kiatu cha Hellena kilikuwa kimekanyagwa na mtu mzito. Kitanda cha Kasimiri kilikuwa kimepanuka, miguu imelala, kinagusana na mbuzi.

Akadhani ni moto. Akapunguza makaa, akaingiza sinia la pili. Likatoka vilevile. Akaongeza unga kwenye donge, akaingiza la tatu. Hilo likayeyuka polepole zaidi, lakini likayeyuka. Siagi aliyokuwa nayo ilishapita nusu. Kesho asubuhi wale watoto wangetoka kanisani na nguo zao nyeupe, kila mmoja akitafuta umbo lake, na yeye angewapa nini? Akakaa kwenye kigoda, mikono ina unga.

Loth akachukua moja akaikagua. "Hii ni Fuso iliyopinduka," akasema taratibu. "Bado mtu anaweza kuitambua."

"Loth."

"Nimenyamaza."

Hapo ndipo Dominika alipotokea, ametoka sokoni, kanga kichwani kwa baridi. Alisimama katikati ya ua akanusa kushoto, akanusa kulia.

"Nani anachoma kimea changu?"

"Hakuna kimea hapa, wifi. Nina matatizo yangu," Valeria akajibu.

"Pua yangu inanidanganya, siyo?" Akaingia stoo. Tukamsikia anafungua kiroba, kisha anatoka na ulezi mkavu kwenye kiganja. Nasema tukamsikia kwa sababu nami nilikuwa pale, nimefuata lile jiko langu kwa mara ya pili. "Huu ndio ulezi wako. Haujasagwa. Sasa ule uliosagwa ni nini? Loth, njoo hapa."

Loth akaja akipenga kamasi.

"Umebeba kiroba gani?"

"Cha mlangoni, dada."

"Na hukunusa?"

"Kwa pua ipi?"

Nilidhani patawaka. Kimea kile kilikuwa na kazi ya siku nyingi, kulowekwa, kufunikwa, kugeuzwa, kuanikwa, na sherehe ni kesho. Dominika alifungua kinywa. Wakati huohuo watoto wawili walikuwa wameng'ang'ania ua wa mabanzi kwa nje, Kasimiri na Jovina, wamefuata harufu. Kasimiri akaita, "Mama, shikamoo. Kitanda changu kimeiva?"

Valeria akalifunika sinia kwa kitambaa. Dominika alimtazama yule mtoto, akamtazama Valeria, kisha akakifunga kinywa chake. Ni mara chache kukiona kinafungwa hivyo.

"Bado," Dominika akamjibu mtoto. "Kitanda kizuri hakitengenezwi kwa haraka. Nendeni nyumbani mkaoge, kesho mtapewa."

Walipoondoka, akavua kanga ya kichwani akajifunga kiunoni. "Wifi, wewe uji mzito ukitiwa kimea unakuwaje?"

"Unakuwa mwepesi."

"Unakuwa maji, hata kijiko hakisimami. Sasa wewe umetengeneza Fuso nzima ya kimea, ukategemea isimame? Kimea hakisimamishi kitu, kinalegeza. Ndiyo kazi yake. Loth, beba kiroba sahihi ukimbie mashineni kabla Shigela hajafunga. Nikuonyeshe, au utaleta mkaa?"

Loth akakimbia. Valeria, kwa kukosa la kufanya, akamega kipande cha ile iliyoyeyuka akatafuna. Akamega tena.

"Wifi, onja."

"Mimi na biskuti zako za dagaa tulishaachana."

"Onja tu."

Dominika akaonja kwa ncha ya meno, kama mtu anayepima dawa. Ilikuwa tamu bila kuwa ya sukari, ina kitu cha asali iliyoungua kidogo, na mwishoni harufu ya asubuhi ya kupika pombe. Akamaliza kipande, akachukua kingine, akasema havijaharibika sana.

"Nikichanganya?" Valeria akauliza. "Unga wa kawaida, halafu kimea kidogo tu, kwa ajili ya ladha?"

"Konzi moja kwa bakuli. Ukizidisha utarudi kwenye chapati." Na hilo konzi alilitia yeye mwenyewe, kwa sababu, alisema, mkono wa Valeria hauaminiki kwenye kimea.

Basi wakafanya kazi. Unga mpya ulipofika, Valeria alikanda, Dominika alikata. Mwanzoni alishika kalibu kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake amshike. Baadaye akaanza kuwa na maoni. Kisigino cha Hellena alikiona kifupi, akakirefusha kwa kidole. Mgebuka alimchora magamba kwa uma. Sinia la kwanza lilipotoka, Fuso ilikuwa Fuso. Loth akapiga mluzi, yaani alijaribu, pua haikumruhusu.

Jumapili hiyo, baada ya misa, watoto walipanga mstari nje kwa Valeria, weupe kama kuku wa kisasa. Kila mmoja alipewa la kwake. Alphonce hakula Fuso yake, aliiendesha kwanza ukutani, benchi hadi benchi, akipiga honi. Jovina aliuchunguza mkia, akaridhika, akaanza kula kichwani. Felisian alikuja naye akaomba ndege, kwa aibu kidogo, akapewa.

Wazee walikuwa upande wa pili wa ua. Kimea kilikuwa kimepungua, kwa hiyo pombe ilitoka kidogo, na Dominika aliwaletea beseni la zile zilizoyeyuka kufidia. Mzee Kalisti alitafuna moja, akafumba macho, akatafuna nyingine.

"Dominika, hii ni nini?"

"Ni pombe ya kutafuna, mzee wangu."

"Hii ni nzuri. Mtu anarudi nyumbani kwa miguu yake."

Kasimiri alikuja hapo na kitanda chake mkononi, hakijaumwa hata pembe. Alisimama mbele ya beseni muda mrefu. Ndani yake kilikuwemo kile kitanda cha kwanza, kimetandaa, kipana kuliko kiganja changu.

"Mama," akamwambia Valeria, "naweza kubadilisha?"

"Hicho si chako peke yako? Ndicho ulichotaka."

"Ndiyo. Lakini kwenye hiki tunatosha." Akaelekeza kidevu langoni, walikosimama wadogo zake watatu, ambao hawakuwa wa Komunyo na hawakuwa kwenye mstari.

Valeria akampa kile kipana, na kile kidogo akamwachia pia. Walikaa chini ya dirisha wakakigawana, wa ukutani akapata upande wenye pembe ya mbuzi.

Jioni tulipokuwa tunaosha masinia, Dominika akawa anasugua moja ambalo lilishakuwa safi. "Mama Biskuti," akasema bila kuinua kichwa. Ndivyo watoto walivyokuwa wanamwita siku nzima, lakini kinywani mwa Dominika jina hilo lilikuwa halijawahi kupita. "Huyo mumeo anaweza kukata kalibu ya mtungi? Mtungi mdogo tu, wenye shingo."

"Wa nini, wifi?"

"Nami nataka umbo langu."

Loth akaguna kutoka kwenye karakana kwamba yeye ni fundi wa majiko. Kesho yake nilipokwenda, msumari mpya ulikuwa ukutani, umening'inia mtungi wenye shingo nzuri kabisa. Jiko langu bado. Lakini nilirudi na biskuti mbili mfukoni, na nilipofika nyumbani zilikuwa bado na joto.