Wimbo Wangu Ulipookoka

Watu wakinikumbuka siku hizi, wananikumbuka kwa suruali. "Si wewe ndiye yule msichana wa belbotomu aliyekuwa akipiga gitaa?" Ndiye, boss. Na nilikuwa naimba pia, nyimbo nilizotunga mwenyewe kwa Kiswahili, lakini hayo nani anakumbuka? Miaka ya sabini ilipoanza, Nakuru ilikuwa imeshikwa na roki, na sisi wanne tulikuwa na bendi. Mpiga ngoma wetu alikuwa kijana Kalasinga ambaye baba yake aliuza vipuri vya trekta. Tulifanyia mazoezi kwenye stoo yao, katikati ya mikanda ya mashine na harufu ya grisi. Mzee akiingia kutafuta beringi alitukaripia tupunguze kelele, kisha anasimama mlangoni akitingisha kichwa kufuata mdundo.

Jumapili mchana tulipiga bugi, yale madansi ya vijana, kwenye ukumbi wa hoteli moja mjini. Tulifika hadi Longonot, na mara moja Olkaria kwa mafundi waliokuwa wakichimba kutafuta mvuke wa ardhini. Wale walicheza na mabuti yao, haki ya Mungu. Nilishangiliwa, sikatai. Lakini kila nikipanda jukwaani nilitafuta uso mmoja kwenye umati, na haukuwapo. Mama yangu hakuwahi kuja kunisikia.

Mama alikuwa ameokoka, tena si kuokoka kwa mchezo. Aliishi peke yake kwenye kipande chetu cha shamba upande wa Njoro, lililokuwa la mzungu zamani, akilima pareto na kuongoza kwaya ya akina mama. Sauti yangu niliitoa kwake. Kuimba nilijifunza nikichuma pareto nyuma yake, nikiwa mdogo kuliko kikapu. Nilipoanza kupiga gitaa la umeme, alisema tu kwamba dunia imenichukua. Hakunifukuza. Nikienda nyumbani alinipa chai, akaniuliza kama ninakula vizuri, akanieleza habari za ng'ombe. Nikitaja muziki tu, anainuka kwenda kuangalia moto. Afadhali angenigombeza, ningejua la kujibu! Ule upole wake uliniuma hadi nikawa nalia kwenye basi la kurudi mjini.

Basi nikamtungia wimbo. Mashabiki walidhani ni wa mwanamume, wacha wadhani. "Nimekaa mlangoni, utakuja lini?" Huo ndio uliokuwa mstari wake mkubwa. Tukautoa kwenye santuri, redio ikaupiga, vijana wa mtaa wa Milimani wakauimba barabarani. Mama alifungua redio kwa taarifa na matangazo ya vifo, kisha anaizima. Nilimpelekea ile santuri, hata kama nyumba haikuwa na gramafoni. Aliishika kwa mikono miwili, akaipangusa, akaiweka kabatini chini ya vitambaa vya meza. Hakuuliza ina nini ndani.

Jumamosi moja nilienda nyumbani bila kutarajiwa. Nikiwa bado nje ya geti nikasikia kwaya yake ikifanya mazoezi sebuleni, nikasimama hapo hapo. Ala! Ulikuwa wimbo wangu. Sauti ile ile, inapanda pale pale. Makanisani kwetu ndivyo ilivyo: tuni tamu ikiokotwa popote, inaoshwa, inapewa maneno ya Mungu, na baada ya mwezi hakuna anayejua ilikotoka. Huu wangu hata haukuwapa kazi. Walikuwa wameongeza neno moja tu. "Nimekaa mlangoni, Bwana, utakuja lini?"

Akina mama walipokwisha kwenda, mama alinikalisha jikoni, uso unang'aa.

"Umeusikia ule? Tumeletewa na wageni kutoka Molo. Ngai, unanitoa machozi! Sijui aliyeutunga ni nani, lakini huyo mtu alikuwa na kiu."

"Alikuwa nayo, mama," nikasema.

Neno "wangu" lilikuwa limefika kwenye meno. Nilitaka kulisema kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na hata leo, yeye akiwa kaburini, kuna siku naamka nikiwa ninalisema. Lakini nilimjua mama. Angejua ni wa bugi, angeacha kuuimba siku hiyo hiyo, na kwaya nzima ingenyamazishwa. Nikanyamaza mimi.

"Sogea nikufundishe," akasema.

Akanifundisha mstari kwa mstari, akinipigia mdundo kwa mwiko kwenye sufuria. Nilijifanya mzito wa kushika ili asimalize haraka. Pale mwishoni, mahali ambapo kwenye santuri ninaivuta sauti mpaka umati unapiga mayowe, nikasahau nikaivuta. Akanigonga goti.

"Hapo usivute. Huko ni kuringa."

Tukarudia, nami nikaimba alivyotaka yeye. Alikuwa ameacha kuimba, amefumba macho, kichwa kimeinama upande wangu, ananisikiliza. Nikaupeleka hadi mwisho bila kukosea. Akajifuta macho kwa pembe ya leso.

"Kumbe bado una sauti, mwanangu," akasema. "Kwa nini uliacha kuimba?"