Kunde za Aibu Kutoka Migwani

Muthoki hakuwa mtu wa kelele, lakini siku hiyo sauti yake ilivuka ua.

"Mwaitu, kunde zangu za kwenye mkebe ziko wapi?"

"Nimekusaidia," alijibu mama yake, Nzisa, bila kuacha kupepeta. "Zilikuwa na wadudu. Nimezichagua, nikazianika, nikazipaka jivu. Mbovu nimewapa kuku. Utawapelekeaje watu wa ng'ambo mbegu za aibu?"

Muthoki aliketi juu ya gunia akashika kichwa. Kazi yake katika kituo cha utafiti mjini Kitui ilikuwa kukusanya mbegu, na safari hii zilitakiwa hizo hizo za aibu. Ng'ambo kuna mtambo unaokimbiza elektroni hadi zinakaribia kasi ya mwanga, zimebanana katika mwale mwembamba kuliko unywele. Sumaku zikiupinda mwale huo, hutoa eksirei kali mno. Mwale ukitulia vizuri, picha hutoka safi, na funza huonekana akitafuna ndani ya kunde bila punje kupasuliwa. Watafiti wa kila nchi wanagombania zamu hapo. Zamu ya Kitui ilikuwa imefika, na gari la kuchukua kifurushi lingepita kesho asubuhi.

"Wamejenga mashine yote hiyo kumwangalia mdudu akila?" Nzisa alishangaa. "Si wangekuja kuniuliza mimi?"

Muthoki alichukua mkebe wake akatoka. Kwa jirani yao Kivuva, alikaribishwa kwa ukali: "Wadudu? Kwangu? Nani amekuambia?" Kwa Kavata, mke wa mchungaji, alipewa chai na maombi, kunde mbovu hakupewa. Migwani nzima, ghafla, haikuwa na ghala hata moja lililotobolewa!

Alirudi vumbi likiwa magotini, akaubwaga mkebe mtupu mezani. Nzisa aliutazama mkebe, akamtazama binti yake, kisha akaingia chumbani akaburuta mfuko wa kunde kutoka mvunguni mwa kitanda. Unga wa punje zilizotafunwa na wadudu ulimwagika sakafuni.

"Kavata asijue," alinong'ona.

Muthoki alijaza mkebe, akatoa kalamu. Kila mkebe lazima uandikwe jina la mkulima.

"Andika Kivuva."

"Mwaitu!"

"Basi andika wa Tseikuru. Huko ni mbali, nani atauliza?"

Muthoki aliuma meno, akaandika: Nzisa, Migwani.

Mama yake aliinama akasoma polepole. "Haya. Lakini ongeza hapo chini kwamba wadudu walitoka kwa jirani."