Priampu ya Mbao na Sauti ya Jirani

Santuri ilikuwa imesimama. Sindano nilikuwa nimeinyanyua kwa mkono wangu mwenyewe.

Lakini spika zilikuwa zinaongea.

"Akipiga simu, unamwambia umekula. Umenielewa?"

Sauti ya mwanamke, inakwaruza kama mtu anayeongea ndani ya debe. Kisha kimya. Kisha sauti nyingine, ya kizee, ikilia taratibu.

Jamani, nilirudi kinyumenyume mpaka nikakalia sahani ya karanga.

Tuanzie mwanzo, msije mkasema nimechanganyikiwa.

Mimi ni fundi wa viti vya magari. Kutwa nzima ni nyundo na cherehani, kwa hiyo nikirudi nyumbani nataka muziki wangu wa santuri na amani yangu. Priampu yangu ya zamani, yaani kile kiboksi kinachokuza sauti ndogo ya sindano kabla haijafika kwenye amplifaya, ilikuwa imekata roho. Nikaenda kwa muuza vyombo vya muziki mmoja, wenyewe tunamwita Besi.

"Chukua haibridi," Besi akaniambia. "Mbele ina taa za kioo, zinalainisha sauti. Nyuma ina transista, zinaipa nguvu. Utamu wa zamani, msuli wa sasa."

Alikuwa nazo mbili, akaniazima zote nikazijaribu nyumbani wikiendi.

Moja ya bati la chuma, ya kijivu, imenuna kama betri ya lori. Nyingine ya mbao iliyong'arishwa, taa zake zimechomoza juu zinawaka rangi ya kaa la moto. Ukiiona tu unaipenda.

Tukaanza na ya chuma. Safi, haina hata mkwaruzo.

"Safi, ila kama mtu anasoma taarifa ya habari," mke wangu akasema. Yeye ni Mama Pacha. Pacha wenyewe walikuwa kwa shangazi yao.

Tukaweka ya mbao. Weee! Mwimbaji alikuja kukaa kabisa kwenye kochi letu.

"Hii hii. Usiniulize tena," akasema, akaenda zake jikoni.

Tatizo lilikuwa moja tu, inanguruma. Nikanyanyua sindano ili nitafute mngurumo unatoka wapi. Ndipo nikasikia niliyosikia.

"Umefungulia redio?" Mama Pacha akauliza kutoka jikoni.

"Redio ipi?"

Akaja. Nikahamisha waya kwenye ya chuma: kimya. Nikarudisha kwenye ya mbao: mtu analia.

Hapo nikaanza kupata picha. Mbao haizuii mawimbi ya redio. Kuna kitu karibu kilikuwa kinarusha sauti, na kiboksi changu kinaidaka.

"Kwa Bibi," Mama Pacha akanong'ona.

Ukuta mmoja na sisi walikuwa wanaishi watu watatu. Bibi, ambaye hainuki kitandani. Binti yake, nitamwita Dada Tabasamu, maana hajawahi kukusalimia bila kutabasamu. Na msichana wa kazi, kimya, anapita kwenye ngazi ameinamisha kichwa. Kando ya kitanda cha Bibi waliweka kile kifaa cha kusikilizia watoto wachanga, cha kizamani, ili akiita asikike jikoni.

Spika zikaongea tena. "Ukilia, nafunga mlango na maji hupati."

Damu ikanichemka. "Ni yule msichana! Nilijua tu. Mtu hakutazami usoni, atakuwa na nini cha heri?"

"Nenda kamwambie binti wa Bibi sasa hivi," Mama Pacha akasema. "Mimi nabaki nasikiliza."

Nikatoka na ndala. Nikagonga. Dada Tabasamu akafungua, meno yote nje.

"Karibu, kaka jirani! Za santuri?"

"Nzuri, dada. Nimekuja kuhusu huyu msichana wenu."

"Kafanya nini tena?"

"Mwite kwanza, tuongee akiwepo."

"Hayupo, nimemtuma sokoni tangu asubuhi. Niko peke yangu na mama."



Peke yangu na mama.

"Kwani umesikia nini?" akauliza. Meno bado yako nje, ila macho yalikuwa yameacha kucheka.

Nikijichanganya hapa, anazima kile kifaa na Bibi habaki na shahidi.

"Aah, nilitaka kumuuliza kama... kama taa zenu zinacheza. Mashine yangu inanguruma. Nahisi ni umeme."

"Inanguruma vipi?"

"Inanguruma tu, dada. Mmmmmm."

Ndiyo, nilinguruma. Mtu mzima na ndevu zangu, nimesimama kwenye mlango wa watu nanguruma.

"Umeme uko sawa," akasema. Hakufunga mlango. Alisimama ananitazama mpaka nikaingia kwangu.

Nilimkuta Mama Pacha amejiziba mdomo kwa kanga.

"Amerudi kwa Bibi," akasema. "Anamuuliza, 'Umemwambia nini jirani?'"

Mama Pacha akachukua simu. Bibi ana mtoto wa kiume, fundi wa kuchomelea mageti, na siku alipomhamishia mama yake pale aliacha namba kwetu kwa lolote litakalotokea. Akamweleza tuliyoyasikia.

"Dada yangu ndiye anayemwosha mama," jamaa akasema. "Mna ugomvi naye?"

"Hatuna. Njoo usikilize kwa masikio yako. Na tafadhali usipitie kwao kwanza."

Jua lilikuwa bado kali alipofika. Akaketi kwenye kochi, mikono yake imejaa alama za cheche. Tukangoja.

Kimya. Mngurumo tu.

Akanitazama mimi, akazitazama zile taa, akamtazama mke wangu. Unaona kabisa anajiuliza kama tuko sawa kichwani. Mwishowe akasimama.

"Nimeacha kazi za watu," akasema.

Ndipo spika zikakwaruza.

"Bibi, nimerudi. Kunywa haraka, yuko bafuni." Yule msichana. Kikombe kikagonga meno. "Polepole, Bibi. Na ndizi nimekufichia."

Mlango ukabamizwa huko kwao.

"Nani kakwambia umpe maji?"

Jamaa aliganda pale pale mkono ukiwa kwenye kitasa.

"Huyo ni dada yangu," akasema, kwa sauti ndogo mno kwa mtu wa mwili ule.

Akatoka. Kupitia spika tukasikia hodi, tukasikia hatua, tukamsikia akisema, "Mama." Na Bibi akajibu, "Umekuja?"

Nikachomoa waya. Yaliyobaki hayakuwa yetu kuyasikia.

Kabla jua halijazama tulikuwa tunamteremsha Bibi ngazi akiwa kwenye kiti, mimi nimeshika miguu ya mbele ya kiti, jamaa ameshika nyuma. Yule msichana alitangulia na mfuko wa nguo. Alikuwa anahama na Bibi yake kwenda kwa jamaa. Tulipopumzika katikati ya ngazi, jamaa akaniinamia sikioni.

"Unajua Jumatatu nilikuwa nakuja kumfukuza huyu msichana? Dada yangu amekuwa akinipigia analia, eti msichana ndiye anamnyima mama chakula."



Ile ya mbao niliirudisha kwa Besi, nikabaki na ya chuma. Mama Pacha hakubisha. Alisema tu kuwa muziki aupate, ila nyumba za watu hataki kuzisikiliza tena.

Ndugu msomaji, sauti ikipita kwenye waya inafika bila sura. Sura niliipachika mimi, na niliipachika kwa mtu aliyekuwa mnyonge kuliko wote mle ndani, kwa sababu tu alikuwa kimya na mwenzake alikuwa anacheka vizuri. Kama siku ile angekuwa hajatumwa sokoni, ningemwaga unga wake, na Bibi angepoteza mtu pekee aliyekuwa anampa maji.

Ukisikia mtu anaonewa nyuma ya ukuta, usijikaushe, nenda. Ila kabla hujataja jina la mtu, uliza kwanza nani yuko ndani.