Mwezi wa Kwenda Mbeya

Hapa Ipogolo, mtu aliyetaka kujua mwezi mzuri wa kwenda Mbeya alimwuliza fundi Zubery, aliyeshonea nguo kwenye baraza inayotazama barabara kuu. Angekujibu bila kusimamisha cherehani. Juni na Julai usiende, baridi yake inaingia mpaka kwenye meno. Septemba na Oktoba ni vumbi. Novemba radi zinapigana juu ya mlima Loleza. Kuanzia Desemba mpaka Aprili ni mvua, na barabara ikishaloa, lori linalala Chimala siku tatu. Mwalimu Liberatus wa shule ya misheni alipotaka kumtembeza mkewe, alishauriwa wiki mbili za mwisho za Mei. Alikwenda, akarudi akisifu mji ule mwezi mzima.

Fundi mwenyewe hakuwahi kufika Mbeya.

Simsengenyi, maana nilishamwambia usoni. Mimi Verediana nilikuwa nauza maandazi mbele ya baraza yake, na kila dereva aliyeshuka kununua alihojiwa na fundi juu ya mawingu, ukungu na matope. Wengine walimdanganya kwa raha zao. Mmoja alimwambia kwamba Mbeya wakati wa baridi kuku hutaga mayai yaliyoganda, naye akaja kuniuliza kama jambo hilo lawezekana.

Ingekuwa kichekesho tu, kama si Siwema. Huyu ni dada yake, tumbo moja, aliyeolewa Mbeya akiwa na miaka kumi na sita. Mumewe alikufa mwaka 1953, na sasa, mwanzoni mwa 1956, muuza mchele mmoja wa hukohuko aitwaye Ahmadi alitaka kumwoa. Kwa wenzetu Waislamu mwanamke hufungishwa ndoa na walii wake. Baba yao alikuwa marehemu, kwa hiyo walii ni Zubery na hakuna mwingine. Siwema akaandika barua: kaka, njoo uniozeshe. Kaka akajibu: nakuja, acha majira yatengemae kidogo.

Zile wiki mbili za Mei zilipofika, akasema mgongo unamwuma kwa kanzu za Idi alizoshona. Juni ikaingia na baridi yake. Mwalimu Selemani wa chuo cha Kurani akamwambia hakuna haja ya kuteseka, aandike barua tu ya kumpa uwakala mwalimu mwenzake wa Mbeya.

"Dada yangu haozwi kwa barua," fundi akajibu, kichwa juu.

"Basi nenda!" nikamwambia.

"Baridi, dada Verediana."

"Baridi ya wapi, na jua hili linanichoma utosi?"

"Ya Mbeya."

Mtu wa namna hiyo utamfanya nini? Nilimuuzia andazi, nikarudi kwenye karai langu.

Machi iliyofuata, mvua ikiwa imepamba moto, lori la mchele lilisimama mbele yetu. Akashuka mwanamke mwenye matope mpaka magotini, na nyuma yake bwana mmoja mpole amebeba furushi. Walikuwa njiani siku nne. Fundi akasimama, kipimio kikining'inia shingoni.

"Siwema! Mwezi huu? Mwezi huu hausafiriki!"

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," akasema, na hakuweza kumtazama.

Nilimpeleka Siwema kwangu, nikamchemshia maji ya kuoga. Mdomo wangu haujui kutulia, nikamwuliza kama kaka yake ana akili timamu.

"Kaka haogopi baridi," akasema. "Ananiogopa mimi."

Akanieleza. Yule mume wa kwanza alichaguliwa na Zubery, kaka mwenyewe wakati huo akiwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, baba yao akiwa amezikwa juzijuzi. Siku ya ndoa Zubery aliingia chumbani, akamwuliza mara moja kama ameridhia. Siwema alinyamaza. Kimya cha mwali huhesabiwa ridhaa, basi kaka akatoka, akamwozesha.

"Nilikuwa nalia, dada, chini ya kanga. Hakutazama. Na yule mume alikuwa mtu wa kupiga. Sikumwandikia kaka hata neno, lakini madereva walimwambia."

Madereva walewale wa mvua na ukungu. Niliona aibu kwa maneno yote niliyomtupia fundi mwaka mzima.

Ndoa ilikuwa Ijumaa baada ya sala. Ahmadi na mashahidi walikaa barazani na Mwalimu Selemani, ambaye alimkumbusha fundi kwamba mjane kimya chake hakitoshi, lazima atamke mwenyewe. Fundi akaingia tulikokaa wanawake. Aliwekewa kiti, akakiacha, akapiga magoti mkekani.

"Siwema, dada yangu. Ahmadi anataka kukuoa. Umeridhia nikuozeshe?"

Siwema akafunua kanga usoni, akamtazama sawasawa.

"Ngoja kwanza, kaka. Nifikirie kama mwezi unafaa."

Tulicheka mpaka Ahmadi kule nje akaanza kukohoa kwa wasiwasi. Fundi hakucheka. Machozi yalikuwa yanamtiririka, wala hakuyafuta.

"Nimeridhia," Siwema akasema, polepole sasa.

"Sema tena."

"Nimeridhia, kaka."

"Fundi!" Mwalimu Selemani akaita kutoka barazani. "Mara moja inatosha!"

"Mimi haijanitosha," fundi akajibu, akamsogelea dada yake, akamwuliza mara ya tatu.